Moyo Utasimama

Upuuzi wangu ni huu: daktari alinipa neno nimfikishie mamangu, nami nikaligeuza kichekesho.

Shuleni Garissa mimi ndiye mchekeshaji wa darasa. Nimewahi kumwigiza mwalimu mkuu naye kasimama nyuma yangu. Sasa hapo hospitalini Nairobi nikawa mkalimani. Dadangu mdogo alikuwa na valvu mbovu ya moyo, sisi Wasomali tunaiita falfu. Nyumbani, mtaani Galbet, akitumwa dukani, alipumzika kwenye kila kivuli. Mama namwita hooyo, naye huniita hooyo vilevile. Ndivyo mama zetu wanavyoita watoto wao. Anauza maziwa ya ngamia, na Kiswahili chake ni cha sokoni: karibu, leta, ongeza, simama.

"Akilala tutapitisha mrija kooni," daktari alisema. "Mrija huo una mashine ya mawimbi ya sauti, inatuonyesha moyo kutoka nyuma. Tunausimamisha moyo, tunashona valvu, tunauwasha, tunaangalia skrini. Damu ikiwa bado inavuja, tunausimamisha tena tuweke valvu ya chuma. Hapo hatari inazidi. Mwelezee mama."

Hooyo akanivuta shati. "Amesema nini?" akauliza kwa Kisomali. "Nimesikia simama."

Nilitazama macho yake nikaogopa. Na mimi nikiogopa, huchekesha.

"Hooyo, moyo wake umekaa kitako kama mzee aliyeshiba pilau. Watausimamisha. Utasimama wima kama askari, halafu watautazama kwa televisheni kama umenyooka."

"Ameelewa?" daktari akauliza.

"Ameelewa."

Dadangu, pale kitandani, alicheka mpaka akakohoa. Daktari alipoondoka, dadangu akaninong'oneza, "Walaal, ndugu yangu, wewe utachomwa motoni. Mwambie ukweli."

"Nitamwambia ukitoka."

Asubuhi, wakimsukuma kwenda kupasuliwa, hooyo alimshika miguu akaomba kwa Kiswahili, ili na daktari asikie: "Simama! Moyo simama!" Nesi akanikodolea macho. Nikaangalia viatu vyangu.

Tulingoja kwenye benchi, yeye na tasbihi yake, mimi bila utani hata mmoja. Mchana nesi akatoka. "Wameshona, lakini picha inaonyesha damu bado inarudi nyuma. Wanausimamisha tena." Hooyo alilidaka lile neno, akatabasamu, akamtilia nesi tende mkononi. Sikutafsiri kitu. Nilijiambia, akitoka mzima, nani atauliza?

Daktari alipokuja alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Hakunitazama. Alimwambia hooyo mwenyewe, polepole.

"Mama, tumejitahidi. Valvu ya chuma tuliiweka, lakini moyo ukakataa kuwaka. Umesimama."

Nikafungua mdomo. Hooyo akanitangulia. Alinishika bega, uso wote unang'aa.

"Alhamdulillahi, hooyo! Si ulisema utasimama?"