Sahani Tupu ya Mzee Bakili

Kwa miaka kumi na saba Evarista aligawa chakula katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ndogo, nyuma ya maduka ya spea ya Gerezani. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemzidi kujua nani kala na nani hakula. Alikuja mjini kutoka Ndanda, akimfuata mume aliyekuwa kibarua wa reli. Mume akafariki, akamwachia mtoto mmoja, Wilbert. Wakaishi Jangwani mpaka mvua za mwaka fulani zilipoondoka na godoro na madaftari ya mtoto, ndipo wakahamia chumba kimoja Kariakoo. Wilbert alikua, akaoa, akaenda zake Mbeya. Evarista akabaki na upawa wake, na hospitalini wote walimwita Mama Wilbert.

Shule aliishia la saba, lakini sahani alizisoma. Akikusanya vyombo mchana, alijua kwamba wa kitanda cha tatu kala kwa kulazimishwa, wa tano kala mboga peke yake, na wa tisa kaficha nyama chini ya ugali ili asisemwe. Mara nyingi aliwaambia wauguzi, "Sista, yule wa kwenye kona leo siku ya tatu hajagusa kitu." Naye sista, mikono imejaa sindano na dawa, angejibu, "Sawa, mama," kisha aendelee na safari yake. Maneno yake hayakuandikwa popote.

Ndipo akaja Sitara. Binti wa miaka ishirini na sita, afisa lishe wa kwanza kuajiriwa hospitalini hapo. Alikuja na mizani ya kukalia, kwa wasioweza kusimama, na utepe wa kupimia unene wa mkono. Mwezi wake wa kwanza aliwapima wagonjwa wote siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kisha kwenye kikao cha Ijumaa akasimama na kusema kwamba kati ya wagonjwa thelathini, kumi na mmoja walitoka hospitalini wamekonda kuliko walivyoingia. Kidonda kimepona, mtu kapungua. Ule ulikuwa utapiamlo, alisema, na ulikuwa ukizaliwa humo humo wodini.

Dokta Pratik, mkuu wa wodi, aliweka kalamu mezani. "Hili mbona hatukuwahi kuambiwa?"

Evarista alikuwa akipita na birika la chai. Hatukuwahi kuambiwa! Alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi. Tangu siku ile kijiba cha roho kikamkaa kifuani, hakitoki kwa maji wala kwa sala.

Kila kitu cha yule binti kilimchoma. "Shikamoo, mama," Sitara alimwamkia kila asubuhi, kwa adabu zote, na Evarista akaitikia "marahaba" kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Raba zake nyeupe zilimuudhi. Wagonjwa walimuudhi zaidi. Zamani walikuwa wakiuliza, "Mama Wilbert leo katuletea nini?" Sasa waliuliza, "Dada wa utepe hajapita?" Hata wake zao, badala ya kuja dirishani kwake kumuuliza wapike nini, walipanga foleni kwenye chumba alichopewa Sitara ghorofani, kilichokuwa stoo ya mashuka, wasikilize mtoto mdogo akiwafundisha kuponda maharage.

Kilichomuuma zaidi ni fomu. Sitara alimpa karatasi yenye vitanda vyote, kwamba kila baada ya mlo atie alama: amemaliza, nusu, robo, hajala. "Mama, wewe ndiye unayeziona sahani," Sitara alimwambia. Evarista alisikia vingine. Alisikia kwamba macho yake ya miaka kumi na saba sasa yangeandikwa, naam, lakini chini ya jina la mtu mwingine.

Wiki ya pili ya fomu hiyo, kitanda cha nne kilimpata Mzee Bakili. Alikuwa muuza spea wa hapo hapo Gerezani, mzaliwa wa Newala, amegongwa na bodaboda akivuka barabara ya mwendokasi. Paja lilikuwa na kidonda kikubwa kirefu. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, mcheshi, sauti ya kuita wateja. Evarista alimpenda kwa lafudhi yake ya Kusini.

Siku ya nne, akikusanya vyombo, alimkuta akihamishia ugali na nyama kwenye sahani ya Nurdin, kijana wa kitanda cha jirani aliyevunjika mkono na ambaye shibe hakuijua. Mzee alishtuka. Akamvuta Evarista karibu, akafunua mdomo. Meno ya mbele yalikuwepo. Nyuma, juu na chini, ufizi mtupu.

"Ya bandia," alinong'ona. "Yalivunjika siku ya ajali. Siwezi kutafuna hata wali. Nakunywa uji na chai tu."

"Kwa nini humwambii Dokta?"

"Nimwambie wasikie wote humu? Mwanangu, Gerezani nzima watacheka: muuza spea kakosa spea za mdomoni! Na Maimuna hajui. Miaka minane ya ndoa, hajui kama nina meno ya kununua. Nisitiri, tafadhali."

Evarista akaahidi. Akachukua sahani ya kitanda cha nne, tupu, safi. Akachukua na fomu. Kalamu ilisimama kidogo hewani, kisha akatia alama: amemaliza.

Nimeulizwa sahani, alijiambia, sikuulizwa tumbo. Tena mzee kaomba asitiriwe, na kumsitiri mtu ni jambo jema. Hivyo ndivyo alivyojiambia siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Lakini alijua. Chini ya huo wema palikuwa na kitu kingine kinachochungulia: alitaka aone kile kitepe kitafika wapi bila yeye.

Hakikufika mbali. Kila Jumatatu Sitara alipima mkono wa Mzee Bakili. Sentimita ishirini na saba. Ishirini na sita. Ishirini na nne na nusu. Kilo nane zilikuwa zimekwenda. Kidonda kilikataa kufunga, kingo zake zimepauka kama nyama iliyooshwa sana, na ile sauti ya dukani ikawa ya kunong'ona. Sitara alimwongezea yai la kuchemsha na kipande cha samaki. Nurdin alinenepa.

Wiki ya nne ya mzee wodini, asubuhi wakati wa raundi, Dokta Pratik alisimama mbele ya kitanda cha nne akiwa na faili mkononi. Evarista alikuwa akifuta meza ya jirani, taratibu, ili asikose neno.

"Sitara, karatasi zako zinasema huyu anamaliza kila mlo. Mizani yako inasema ana njaa. Tuamini kipi?"

"Sijui, Dokta. Nimepiga hesabu upya mara tatu."

"Basi kuna ugonjwa tumboni unaokula chakula chake. Tumhamishie hospitali kubwa wakamtafutie uvimbe. Na wewe angalia upya hizo fomu zako. Hazitusaidii."

Sitara aliinamisha kichwa mbele ya wauguzi wote. Evarista alikunja kitambaa chake, na utamu ukampita kooni kama juisi ya muwa. Alitembea mpaka jikoni akiwa mwepesi. Siku hiyo aliimba akikosha masufuria.

Utamu huo haukufika jioni. Saa ya kutazama wagonjwa alimkuta Maimuna ameketi kwenye ngazi, hotipoti mapajani, khanga imelowa machozi.

"Wananiambia huenda ana uvimbe tumboni, dada," alisema. "Mimi nampikia kila siku, ananiambia kashiba cha hospitali. Nimeshampigia simu kaka yake Newala aje amwone akiwa bado anaongea."

Evarista alikaa pale ngazini. Aliukumbuka mkono wa Mzee Bakili alipompa uji asubuhi ile, jinsi ulivyotetemeka kwa uzito wa kikombe. Aliinuka bila kuaga, akapanda ghorofani, akagonga mlango wa ile stoo ya mashuka.

Sitara alikuwa peke yake, fomu zote zimetandazwa mezani.

"Hana uvimbe," Evarista alisema, bado amesimama mlangoni. "Hana meno. Chakula chake chote anakula Nurdin."

Binti alimtazama. "Umejua lini?"

"Wiki yake ya kwanza."

"Na alama hizi?"

"Sahani ilikuwa tupu."

"Mama!" Sitara aliinuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na adabu ndani yake. "Mimi nikikosea nitagombezwa, yataisha. Yeye amekula mwili wake mwenyewe mwezi mzima! Kidonda kingeponea wapi? Nilikukosea nini?"

Evarista angesema nini? Kwamba alikosewa kwa kikao cha Ijumaa, kwa raba nyeupe, kwa foleni ya wake za watu? "Hukunikosea kitu," alisema. "Nilikuonea kijicho."

Walishuka pamoja. Mzee Bakili alipofunuliwa mdomo mbele ya Dokta, huku Maimuna akitazama, alimgeukia Evarista kwa hasira ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Nilikuomba unisitiri!"

"Nimekusitiri, mzee wangu," alijibu. "Nusura nikusitiri na sanda."

Maimuna alimtazama mumewe, mdomo, kisha uso. "Meno?" alisema. "Ulitaka kufa kwa ajili ya meno?" Akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mzee naye akajifunika shuka kwa aibu.

Evarista alikwenda jikoni mbio, akajaza bakuli kubwa la uji wa maziwa, mayai mawili yamepigwa ndani. Alitaka kulipa mwezi mzima kwa mlo mmoja. Sitara alimzuia mlangoni.

"Usimjazie, mama. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukiufurikia ghafla, madini ya damu yanavurugika, hata moyo unaweza kusimama. Tutaanza kidogo kidogo, vitamini kwanza, na damu ipimwe kila siku."

Hilo Evarista hakulijua. Likamuuma, hata katika hali ile. Likamuuma kwamba palikuwa na kitu kuhusu njaa ambacho binti alikijua na yeye hakukijua. Lakini alirudi, akapunguza bakuli mpaka likawa kikombe.

Siku zilizofuata alipika kwa kipimo. Maharage alichemsha yakaiva mno, akayaponda na kuyachuja. Samaki alimtoa miiba na kumsaga kwenye mchuzi. Siku ya sita, damu ilipotulia na ruhusa ya kuongeza ikatoka, alikwenda sokoni Kariakoo akanunua korosho, akazisaga, akazikoroga kwenye uji. Mzee Bakili alionja, akafumba macho. "Huu wa nyumbani," alisema, na akaomba kikombe kingine. Sitara aliuliza korosho kiasi gani, akaandika kwenye daftari lake, na Evarista alimwangalia akiandika, nusu kwa fahari, nusu kwa ule uchungu wa zamani.

Wiki ya tatu ya mlo huo mpya utepe ulisoma sentimita ishirini na tano na nusu. Kingo za kidonda zilianza kuwa nyekundu na kukaribiana. Kikaoni Dokta Pratik alimpongeza Sitara mbele ya watu.

"Aliyegundua ni Mama Wilbert," Sitara alisema. Ya zile wiki tatu na zaidi za ukimya hakuyataja.

Mtu mwingine angefurahi. Evarista alikasirika. Kumbe binti alimshinda hata kwa ukarimu! Alikaa na hasira hiyo siku mbili, kisha akaenda mwenyewe kwa Matroni Violeth, akamweleza yote, alama kwa alama. Matroni alimsikiliza, akavua miwani. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo tunajua," alisema. "Wewe uliyaficha maradhi ya mwenzio." Akampa barua ya onyo, ikaingia kwenye jalada lake, ya kwanza katika miaka kumi na saba. Evarista alitoka akiwa na aibu, lakini usiku ule alilala.

Mzee Bakili aliruhusiwa akitembea kwa magongo, fundi wa meno akiwa ameshachukua vipimo vya kinywa chake. Maimuna alileta doti ya khanga mpya, akampa Sitara kwa mikono miwili. Evarista alipata asante na kupungiwa mkono. Akasimama dirishani akiwaangalia wakipanda bajaji, na kijiba kikamgusa tena, kidogo, mahali pale pale.

Mchana ule ule kitanda cha nne kilipata mgonjwa mwingine, mzee mwembamba asiyesema sana. Sahani yake ilirudi na wali umevurugwa kwa kijiko, umesukumwa pembeni uonekane umeliwa. Evarista aliutazama. Akafuta mikono kwenye aproni, akapanda ngazi.

"Sitara," aliita kabla hajafika mlangoni, "njoo uone kitu."