Gari Nyekundu kwenye Njia ya Lori

Pesa ilipoanza kuingia, niliogopa. Sijui kama wengine huogopa hivyo, pengine ni mimi tu. Shule niliiachia kidato cha pili, nikachuma chai ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi, halafu nikajifunza mashine ya kupogoa, ile inayopiga kelele mpaka jioni bado unaisikia masikioni. Wazee wa upande wetu wa Mogogosiek walikuwa wamechoka kupogoa chai kwa panga, na waliojua mashine hawakuwa wengi. Mara nikawa na kikosi changu, simu inalia asubuhi kabla sijanawa uso. Kila wiki nilijiambia, hii itaisha. Haikuisha. Hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu mtu akikosa pesa angalau anajua anaogopa nini.

Kila mtu alinipa shauri la gari bila kuombwa. Pikapu, walisema. Ni haki niseme walikuwa sawa. Mashine zangu zilisafiri kwa pikipiki, zimefungwa kwa mpira, petroli inamwagikia mgongo wa dereva. Nikaenda Bomet kuona pikapu moja ya kijivu. Nikaketi ndani, nikashika usukani. Sikusikia kitu. Ilikuwa kama kuketi kwa benchi ya kanisa la jirani. Nikaona pia ile nyeupe ndefu ambayo watu hubebea maziwa na kabichi. Hiyo pia ni gari nzuri, sina neno nayo.

Halafu tukaenda kupogoa shamba moja karibu na Kabianga, na nje ya nyumba ya mpangaji, mwalimu wa chuo kikuu, nikaona ile nyekundu. Milango miwili. Ya chini, imelala kama paka anayevizia ndege. Kwa dirisha la nyuma kulikuwa na karatasi: INAUZWA. Nikazima mashine, nikasahau hata kuvua miwani ya kazi.

"Umeipenda?" mwalimu aliuliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Naiangalia tu, mwalimu."

"Wote huanza hivyo."

Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, na alikuwa anahama wiki hiyo hiyo. Mtu mwingine wa Kericho alikuwa anakuja kuiona. Akaniambia wazi, "Dada, nisikudanganye. Hii ni gari ya lami. Ukiipeleka kwa murram italia, na wewe utalia." Nimeandika maneno yake vile yalivyokuwa, kwa sababu baadaye watu walisema mwalimu alinificha. Hakunificha.

Nilipoketi ndani niliogopa papo hapo. Magoti yalinikaribia kifua, na barabara yote ikaonekana iko juu yangu. Lakini nilikuwa nacheka, nilijisikia mwenyewe nikicheka. Kwa nini kitu kinachonitisha ndicho nilichotaka, sijapata jibu la kuandika hapa.

"Naomba siku moja," nikasema. "Mama aione kwanza."

"Mama ndiye analipa?"

"Hapana. Ni ya kubarikiwa."

"Hata kwetu mama akikataa, umekwisha," akasema, akanipa ufunguo. Nikamwachia mashine yangu mpya ya kupogoa, ili alale akijua nitarudi.

Kwetu hulipii kitu kikubwa halafu ndio uwaonyeshe wazee. Unauliza kwanza. Baba alitutoka nikiwa mdogo, kwa hivyo mkubwa wa nyumba ni mama. Kitu cha magurudumu kinaletwa mpaka mlangoni, anakizunguka, anakitemea mate kidogo ya baraka, anamwagia tairi mursik, maziwa yetu ya kibuyu, halafu ni chako. Lakini akikitazama, akanyamaza, akaingia ndani, basi unarudisha. Mimi siwezi kuendesha kitu ambacho mama amekinyamazia. Wengine wa umri wangu wanaweza, na sisemi wamekosea. Mimi siwezi. Usiku ule sikulala vizuri nikiona uso wake ukigeuka kando.

Kesho yake nilitoka Kabianga na gari, nikamkuta mama akinisubiri kando ya lami ya kwetu, amevaa gambuti na kitambaa cha kanisa, mfuko mkononi. Akaitazama gari kwa muda.

"Imekaa chini," akasema. "Ama ilizama?"

"Imeundwa hivyo, mama."

"Na milango ya nyuma iliibwa?"

Nikamkunja nikamwingiza, nikamfungia mkanda mwenyewe kwa sababu hakuwahi kufunga wa namna ile. Nikaendesha polepole, polepole kabisa, pikipiki zikitupita. Akanigeukia. "Kwani inakwenda hivi tu?"

Nikakanyaga. Gari ikanguruma, mama akakumbatia mfuko wake na kupiga kelele, na baada ya kona moja nikagundua kelele yenyewe ni kicheko. Tulipofika kiwanda cha chai cha Mogogosiek tukageuza, na alikuwa anasalimia watu kwa dirisha, wanawake wenye vikapu, walinzi, hata ng'ombe wa mtu. "Chamge! Chamge!" Tulikuwa chini sana, sidhani kuna aliyemwona.

Ningesimama pale kwa lami. Lakini baraka ni ya mlangoni, na nilitaka mama ashukie mlangoni pake, si kutembea tena kwa matope. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia yetu inapanda katikati ya chai, imekatwa kwa mteremko: kushoto ukuta wa udongo, kulia unaona vichwa vya chai kule chini.

Hapa kila mtoto hufundishwa akiwa na kikapu mgongoni: mvua ikinyesha, kanyaga palipokanyaga lori. Pale udongo umeshikana. Kando unateleza. Miguu yangu inajua hivyo tangu utotoni, na siku ile mikono ikafuata miguu. Nikaweka tairi ndani ya njia za lori, upande huu na upande huu, nikaona nimefanya la busara. Sikukumbuka kwamba katikati ya njia za lori hubaki mgongo wa udongo na nyasi, na kwamba mtu akitembea hana tumbo la kuburuta.

Nilisikia sauti chini yetu kama sufuria ikikokotwa kwa saruji. Halafu gari ikakaa. Nikakanyaga, tairi zikazunguka bure, zikirusha matope mpaka kwa kioo. Tulikuwa tumelala kwa tumbo juu ya ule mgongo, na mlango wa mama umebanwa na ukuta.

Na ilikuwa siku ya majani, siku ya lori kubeba chai ya wakulima. Nilijua. Nimezaliwa kwa ile njia, ninajua lori hushuka saa ngapi kutoka kituo cha juu kikishapima majani. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vizuri siku hiyo, nadhani akili ilikaa kwa viatu.

Honi ikalia juu ya kona. Kuna waliosema dereva hakupiga honi. Alipiga, mara nyingi. Lori ikatokea imejaa, magunia yanayumba, na ikatuona, na dereva akashika breki. Ikawa mbaya zaidi. Pua ya lori ilikuwa inatuangalia sisi huku sehemu ya nyuma ikianza kwenda kando, kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini.

"Mama, toka!"

"Nitokee wapi?"

"Kwa huku kwangu, haraka!"

Mlango wangu ulikuwa wazi, mguu mmoja tayari uko kwa matope. Nikamvuta mkono. Hakuja. Mkanda. Nikarudi ndani kutafuta kile kitufe, na vidole vyangu, ambavyo hufungua mashine na kuifunga bila kuangalia, vilikuwa vya mtu mwingine. Nilibonyeza kiti, nikabonyeza handibreki. Nilisikia harufu ya majani mabichi ikija mbele ya lori.

Na mama akaacha kuhangaika. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiinama mbele. Akatema mate kwa dashibodi, tuh! Akanitemea mimi kichwani. Halafu akasema kwa Kipsigis yale maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa harusi tu, ya kuomba utamu na maisha marefu. Aliyasema mbio, kama mtu anayeachwa na gari.

Dereva akaegemeza lori kwa ukuta. Sehemu ya nyuma ikala udongo, magunia mawili yakaanguka, na lori ikasimama. Bampa yake ilikuwa juu ya pua ya gari yetu, kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake.

Akashuka, akaacha mlango wa lori wazi.

"Madam! Hii ni njia ya lori ama ni pakingi ya supamaketi?"

"Usimpigie mtoto kelele," mama akamjibu kutoka ndani. "Ipigie mvua."

"Kumbe uko humo, mama? Pole. Pole sana." Akaketi kwa nyasi. Alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana, labda ni mama aliyemzuia.

Watu wakashuka kutoka kituoni na vikapu vyao. Wanaume wakainua gari kwa mikono, wakaiondoa juu ya mgongo wa udongo, na wanawake wakainua maneno.

"Chepto, sasa nunua na lori ya kubeba hii!"

"Inatosha kwa kikapu, tuipime tu."

"Daraja la kwanza hiyo! Si majani mawili na chipukizi, ni majani mawili na tairi!"

Nilicheka nao. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka lami, mtu mmoja akinielekeza. Mama alikataa kutoka ndani. "Nitaona mwisho," akasema. Na kutoka hapo mpaka Kabianga hakusema neno.

Hicho ndicho kilichonitisha kuliko lori. Alikuwa ametema, halafu amenyamaza. Mate yalikauka pale kwa dashibodi mbele ya macho yangu, doa dogo, na sikujua nihesabu lipi. Kama alikuwa anaaga dunia, gari haijabarikiwa. Kama alibariki, mbona sasa anaangalia nje tu, mikono juu ya mfuko?

Mwalimu akalala chini kwa mkeka na kuchungulia tumbo la gari. "Kifuniko kimoja kimekwenda," akasema. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Hicho tutasameheana. Sasa unaichukua ama unarudisha? Yule wa Kericho amepiga simu tena."

Nikazunguka upande wa mama, nikainama kwa dirisha. "Mama, yale mate yalikuwa ya gari, ama ya kufa?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza chumvi iko wapi nyumbani kwetu. "Nilikuwa na mate kidogo wakati ule," akasema. "Sikuyagawanya."

"Sasa umenyamaza."

"Mgongo unaniuma. Gari yako inakaa chini." Alisema gari yako. Sijui kama alisikia alichosema.

Nilisimama pale nikipima. Nikiirudisha, hakuna wa kunicheka, na pikapu ya Bomet bado ipo, ya juu, ya busara. Nikiichukua, kila siku nitaogopa kitu: mvua, lori, macho ya watu, kazi kuisha. Lakini nilikuwa naogopa hivyo hivyo kabla sijaiona. Hiyo ndiyo hoja niliyopata, na sijui kama ni hoja ya mtu mwenye akili.

"Naichukua," nikasema, kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akaniuliza mara ya pili.

Nyumbani haikufika, na haifiki. Jioni ile niliiacha kando ya lami, kwa uwanja wa mwenye mashine ya kusaga mahindi, ambaye alikubali kuiangalia. Ukungu ulikuwa unashuka kwa chai. Nikavua viatu vizuri, nikavaa gambuti, tukaanza kupanda, mama mbele. Baada ya hatua chache nikageuka, na wekundu ulikuwa tayari umefifia.

"Twende," mama akasema. "Haina miguu."

"Sijui kama nilifunga."

"Ulifunga. Nilikuona."

Nilirudi. Nikavuta mlango mmoja, nikavuta wa pili, yote imefungwa. Tukapanda mpaka shamba la kwanza, nikamwambia mama anisubiri kidogo, nikarudi tena.