Vitesi Isiyobadilika

Jeancy hajui kutulia. Ukianza kumwambia haraka haina baraka, ameshaondoka. Ni motari: amebeba abiria kwa pikipiki hapa Kasenga, mtaa wa Uvira, tangu aache shule, na sasa, baba wa watoto wawili, ameshikwa na hamu ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Mwalimu wa darasa la watu wazima alisema wazi: asiyeleta zoezi la fizikia Ijumaa kabla ya saa kumi, jina lake halipelekwi kwenye orodha ya mtihani.

Ijumaa mchana alikuwa bado anapigana na swali moja. Pikipiki inakwenda kwenye barabara tambarare kwa vitesi isiyobadilika. Injini inaisukuma kwa nguvu ya nyutoni themanini. Upepo na barabara vinaizuia kwa nguvu gani?

"Hii swali iko na makosa," alimfokea mdogo wake Noella, anayemaliza sekondari. "Minye nikiwa mu vitesi ya tatu, naweza kimbia, naweza tembea polepole. Nguvu ya kunizuia nitaijua namna gani?"

Noella alimcheka kaka yake mpaka akashika ukuta. "Yaya, weye unasema vitesi ya kubadilisha na muguu, gia! Ya fizikia iko mwendo, ile ya mu kadrani. Sindano isitikisike."

Motari gani wa Uvira angeelewa vingine? Lakini Jeancy aliona aibu, na aibu kwake ni petroli. Akawasha pikipiki, akashika njia ya Rugenge, macho zaidi kwenye sindano ya kupimia mwendo kuliko barabarani, Mungu amsamehe. Upepo wa ziwa ulimpiga kifuani. Akilegeza gesi, sindano inashuka. Akiongeza, inapanda. Ili itulie, ilibidi asukume sawasawa na alivyozuiwa. Siku zote alidhani nguvu zikilingana, mtu amekwama. Kumbe anaendelea kwenda.

Alisimama, akaweka daftari juu ya tangi, akaandika themanini, injini ikiunguruma, akakimbilia darasani. Mwalimu alikuwa anafunga mlango.

"Juu ya nini themanini?" Mwalimu alitaka sababu.

"Mwalimu, nguvu ya injini ikizidi, sindano inapanda. Ikipunguka, inashuka. Na hapa iko imetulia."

Mwalimu akatoa kalamu na orodha ya mtihani. "Jina lako yote?"

Mjini kote anaitwa kwa mluzi, au "Motari!", basi. Jeancy, alisema. Kashindi. Alipofika kwenye la tatu, Mulonda, la marehemu baba yake, alishusha sauti, na mwalimu akamwomba arudie.