Kuku Kumi na Wawili wa Dolores

Jina la binti yangu lilinigharimu mbuzi mmoja, debe moja la mawese, siku sita za kutembea kwa miguu na kuku kumi na mmoja. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu mara ya pili nilipata kuku kumi na wawili, kwa sababu mmoja alikufa njiani, na kwetu kuku aliyekufa njiani hahesabiwi kuwa ametolewa. Watu wengine waliwapa watoto wao majina bure. Mimi nililipa la kwangu kidogo kidogo kwa miaka kumi, na bei yake nikaijua mwishoni, jambo ambalo mchuuzi mwenye akili hakubali hata akilewa.

Jina lenyewe ni Dolores. Sitataja jina lingine la mtu katika habari hii. Hao wengine hawakupatana bei nami.

Wakati ule nilikaa Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza, mahali pazuri kwa mtu wa kazi yangu. Nilishusha maharagwe ya milimani mpaka Kashebere, nikapandisha mawese ya msituni mpaka Burungu, na katikati nilikula kidogo huku na kidogo kule. Hata ndoa yangu ilikuwa hivyo. Mimi ni mtoto wa wakulima wa milimani, wabatizwa tangu baba yangu. Mke wangu ni mtoto wa msituni, ambako watu walisali Jumapili na kushika mambo ya mababu siku zilizobaki. Sita kwa moja, kama unahesabu.

Tulikuwa tumezika watoto watatu. Wa kwanza aliishi wiki moja, wa pili alifika kwenye meno, wa tatu alishaanza kutembea kati ya mlango na jiko. Mke wangu alipopata mimba ya nne, mwaka vita ya Wazungu ilipoisha, hakutayarisha hata kitambaa. Alisema tu kwamba huyu atamzalia kwenye dispansera ya misioni, kule juu, mwendo wa siku moja na nusu. Mama yake akamfuata na kiko chake mdomoni, ili kuwachunga Wazungu. Mimi nilikuwa barabarani na maharagwe, kwa hiyo sehemu hii naisimulia kama nilivyoambiwa, na niliambiwa mara nyingi.

Dispansera ilikuwa mikononi mwa masera mmoja, mtawa mfupi mwenye viganja vya mkulima. Wenzake walikuwa Wabeleji, yeye peke yake alitoka Hispania. Mtoto alizaliwa msichana, mzima, na kabla hajakaushwa mama mukwe alishatangaza jina lake: Jalala. Kwao mtoto anayekuja nyuma ya makaburi hapewi jina zuri. Anaitwa takataka, ao mavi, ao Hatumutaki, ili kifo kikipita mlangoni kisikie na kujisemea kwamba hapa hakuna cha kuchukua. Masera alikataa. Hawezi, alisema, kuandika Jalala kwenye karatasi ya mtoto wa Mungu. Akatoa jina la mama yake mwenyewe, Dolores.

Mama mukwe akauliza maana yake. Masera akamjibu: maumivu.

Wanasema mama mukwe alitoa kiko mdomoni. "Kumbe kwenu pia munazikaka batoto," akasema. Kisha akamgeukia binti yake: "Huyu muzungu njo anajua kitu."

Masera alijitahidi kueleza. Zamani kwao, alisema, watu waliona haya kumwita binti Maria hivi hivi, kwa heshima ya Mama wa Mungu. Wakapita pembeni: wakawapa mabinti sikukuu zake na sifa zake. Maria wa Huruma, Maria wa Rozari, Maria wa Nguzo, Maria wa Maumivu. Miaka ilipopita wakaacha Maria nyuma ya mlango wakabaki na kile kipande cha pili, na vijiji vya kwao vikajaa Dolores, hata nyumba moja yenye bibi Dolores na mjukuu Dolores. Siyo kudanganya kifo, alisema, ni ibada. Mama mukwe aliitika kwa kichwa, kwa adabu yote, kama mtu anayemsikiliza mchuuzi akiapa juu ya uzito wa chumvi yake.

Mambo yangeishia hapo bila gharama, kama masera hangeongeza kwamba maumivu yenyewe yalikuwa saba.

Mke wangu alirudi na mtoto mgongoni na hesabu kichwani. Hakunisalimia kwanza. "Papa Dolores," akaniita, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo, "ile jina iko na maumivu saba. Sisi tulizika batatu. Inabakia nne. Ile nne itatoka wapi?"

Akanipa debe la mawese. "Wewe unajuaka kupunguza bei. Enda uongee naye."

Nikaenda. Nilimwambia masera waziwazi: jina tumelipenda, lakini saba ni nyingi, tatu tumeshatoa, aone namna ya kutufutia zilizobaki. Hakucheka. Nimefanya biashara na watu wengi, na ninajua ni wachache ambao wasingecheka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaniambia kwamba yale saba yalishalipwa yote, zamani, na Mama wa Yesu mwenyewe, na anayepewa jina hapewi deni lake.

"Iko karatasi?" nikauliza.

Akaingia ndani, akarudi na picha ndogo ya Mama Maria mwenye panga saba kifuani. Nilizihesabu mbele yake: nne upande huu, tatu upande ule. Nikahesabu kuanzia upande wa pili: saba. Nikaweka picha ndani ya kofia, nikamwachia mawese, ambayo alisema atatengenezea sabuni. Nyumbani mke wangu aliitundika juu ya kitanda, na usingizi ukamrudia. Jirani zetu walitundika pale risiti ya kodi.

Kisha padri akapita Kalembe kubatiza, na yeye naye akakwama. Maria inatosha, alisema, hayo mengine ni mapambo. Mama mukwe akaniambia nimfikishie jibu lake, nami nikaona heri nisimfikishie: kwamba Maria kila nyumba ya Kalembe iko naye, na kila nyumba imezika mmoja, kwa hiyo kifo kinajua njia. Nilipanda tena milimani, siku tatu kwenda na kurudi, safari hii na mtoto, mama yake na mbuzi. Mbuzi hakuwa rushwa. Alikuwa wa karamu ya ubatizo, na padri alikula pamoja na sisi kama mkristo mwingine. Masera alishaongea naye pembeni. Wakaandika yote mawili, Maria mbele na Dolores nyuma. Nilitaka Dolores mbele, lakini kila bei ina mahali pake pa kusimama.

Dolores hakufa. Hiyo njo njia fupi ya kueleza jinsi jina lilivyoenea. Alipita wiki ya kwanza, akapita meno, akatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni na hakusimama hapo, aliendelea mpaka kwa jirani akavunja chungu. Surua ilipita Kalembe ikamwacha na makovu mawili tu. Wanawake wa barabara ile wana macho. Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Kashebere aliyezika wawili. Alikuja na mimba kubwa na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akakaa, akaongea habari za mvua, na mwishoni akaomba.

Maana kwetu jina la mtoto wa mtu halichukuliwi, linaombwa. Anayeomba analeta kasiksi. Mwenye jina, hata kama hajaota meno yote, anatoa kwa mkono wake kuku jike aliye hai, ili somo yake, yule atakayeitwa kama yeye, aanze maisha na kitu cha kufuga. Bila kuku jina halijafungwa. Na kukataa kwa mdomo ni sawa na kumlaani mtoto wa mwenzako, kwa hiyo hakuna anayekataa. Dolores alikuwa na miaka miwili alipotoa kuku wa kwanza. Alimshika kwa mkia, na kuku na mtoto wote wawili walilia.

Niliona ni jambo zuri. Nilipofika kwenye kuku wa nne nilianza kuona ni jambo la bei. Kibuyu cha kasiksi kwa kuku mzima wa kutaga, na kasiksi yenyewe huinywa zaidi mgeni aliyeileta. Nilijaribu kupendekeza jogoo. Mama mukwe aliniuliza huyo jogoo atamtagia nini msichana. Kuku wa saba njo yule aliyekufa njiani, pale mtelemko wa kwenda Kashebere, na mwenye kuomba akarudi siku hiyo hiyo amemshika miguu, bila aibu, kupokea mwingine.

Somo wa Dolores walipofika kumi, ulikuwa ukisimama sokoni Kashebere na kuita Dolores, wasichana walikugeukia kutoka kwenye mihogo, kutoka kwenye samaki, na mmoja kutoka juu ya mti. Masera alishuka siku moja kuchanja watoto, akasoma orodha yake akasikia jina la mama yake likiitikiwa mara nne. Aliniita pembeni. Akaniuliza, macho yakiwa na maji, kama watu wa huku wamempenda hivyo Mama wa Maumivu. Nilimjibu ndiyo, wamempenda sana. Sikudanganya, ila sikumaliza.

Msimu uliofuata, Dolores mmoja wa Kashebere, mtoto wa yule mama wa kwanza, alikufa kwa kikohozi. Tulienda matanga. Wiki mbili baadaye binti yetu mwenyewe alishikwa na homa, akalala siku kumi na moja. Alipona, lakini mke wangu hakupona. Alikuwa na kopo lenye maharagwe kumi, punje moja kwa kila somo. Alitoa punje moja, akafunika kopo, akaniambia kwamba jina limeshakuwa kama Maria. Limesemwa sana, kifo kimelizoea, sasa kinaweza kuliita. Halitoki tena nyumbani mwake.

Aliyekuja safari hiyo alikuwa dada yangu mdogo.

Aliolewa Burungu, kwa wachungaji wa ng'ombe, na alikuwa amezika wawili. Alikuja na mtoto wa siku saba mgongoni, kakondefu, kanakohoa, na kibuyu kikubwa kuliko vyote. Aliongea habari za mvua, akaomba. Mke wangu hakukataa, kwa kuwa haikataliwi. Alisema tu kwamba kwa bahati mbaya hakuna kuku.

Nilikuwa na kuku watano asubuhi ile. Nilihesabu kwenye kibanda: sifuri. Nikahesabu tena, maana sifuri pia inaweza kukosewa. Jioni nikawasikia kwenye banda la jirani, wote watano, na nikajua kwamba nikimleta mmoja nitakuwa nimemweka mke wangu uchi mbele ya dada yangu. Nikawaacha walale huko.

Dada yangu alikaa siku tatu. Alikunywa kasiksi yake mwenyewe, akanyonyesha. Kikohozi cha mtoto kilijaza nyumba, na mtoto huyo hakuwa na jina, ulikuwa huwezi hata kumbembeleza kwa kumwita. Siku ya tatu alifunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

"Mama Dolores," akasema, "kama jina iliisha, uniambie iliisha. Nitamubeba hivi hivi."

"Haikuisha," mke wangu akasema. "Njo ile ninaogopa. Inatembea sana. Kule Kashebere kifo kilishaita moja. Sasa kinaijua."

Dada yangu hakuonekana kukasirika. "Kwetu Burungu," akasema, "chui akikuta ng'ombe moja, ile ng'ombe imekwisha. Akikuta kundi, anazunguka, anazunguka, mara ingine anaenda na njaa. Kifo kije pale sokoni, kiite Dolores. Vichwa kumi na moja vigeuke. Kitajua gani njo yako?"

Nilihesabu kichwani: binti yetu, tisa walio hai, na huyu mdogo. Kumi na moja. Alikuwa sawa, na mimi, niliyeitwa fundi wa bei tangu Burungu mpaka msituni, kwa miaka kumi sikuwahi kuona hesabu hiyo. Nilikuwa naona kuku tu.

Mke wangu alitazama picha iliyo juu ya kitanda, kisha mgongo wa dada yangu, pale kichwa cha mtoto kilipolala. Akatoka. Alirudi kutoka kwa jirani na kuku mwekundu, mtagaji bora kati ya watano. Mimi ningechagua mwingine. Akamwita binti yetu, akampa, na binti yetu akamtoa kwa mikono miwili, vizuri, kama mtu mzima. Usiku ule punje mbili ziliingia kwenye kopo, moja ya mtoto mpya, na ile aliyoitoa.

Mtoto aliishi. Kikohozi kilimwacha mvua zilipokatika.

Miaka mitatu ilipita. Siku moja dada yangu alikuja tena kutoka Burungu. Safari hii mtoto alitembea mbele yake akimkimbiza mbwa wetu, na kibuyu hakikuwapo. Nilifurahi kwa kuku wangu. Alipokelewa, akapewa ugali na sombe, na habari za mvua zilipokwisha aligeuza kiti chake, akaniacha mimi upande wa mgongo, akamtazama mke wangu.

"Mama Dolores," akasema, "jirani yangu alizika batatu. Jana alikuja kwangu na kasiksi. Anaomba jina kwa huyu wangu, na huyu wangu njo mumoja niko naye. Mimi njo nilikuambia maneno ya kundi, na vile nilikuambia sikuwa na kitu cha kupoteza. Sasa niko nacho. Wewe ulishapita mule. Unishauri, dada: nitoe kuku, ao niifiche jina?"