Kitenge cha Mwaka Jana

Nakumbuka Jumapili moja, ya mwisho kabla ya Majilio, mwanangu, nilipomzuia mwenzangu mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya kitambaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na miezi minne. Darasa la kwanza nililianza nikiwa na miaka kumi na mmoja, hivyo wanakwaya wenzangu hapa Babati walipopendezwa na mwandiko wangu wakanichagua kuwa katibu, nilijiona nimefika. Kiburi hicho sikifichi. Sehemu yake ninayo mpaka leo.

Kila mwaka kwaya yetu ilishona sare mpya. Mwaka ule dukani kilikuja kitenge cha zambarau chenye maua ya dhahabu, nami nikasisitiza tukichukue, ingawa sare tuliyokuwa nayo haikuwa imepauka hata pindo. Nikaandika tangazo na kulibandika mlangoni: asiye na sare mpya hataimba.

Mama Neema, mkulima wa Singe, ndiye aliyetuanzishia nyimbo. Msimu ule mahindi yake yalikuwa yameliwa na viwavi. Jumapili ile alikuja na binti yake, amevaa sare ya zamani, imefuliwa na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa.

"Mama Neema, hicho ni kitenge cha mwaka jana," nilimwambia.

"Najua, katibu. Na wimbo wa leo ni wa mwaka juzi. Huo mbona hamkuubadilisha?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilinyoosha kidole kwenye tangazo. Alilisoma, akamshika binti yake mkono, akaondoka. Siku hiyo kulikuwa na Chakula cha Bwana, naye hakushiriki.

Mama mkwe wangu, mkulima aliyekuwa ameshuka kutoka Mbulu kututembelea, aliyaona yote. Tulipofika nyumbani Maisaka, tukiwa tunachambua maharage, akaniuliza kwa nini nimefanya vile.

"Ni utaratibu tu, mama," nilijitetea.

"Utaratibu wa Bwana, au wa mwenye duka?" Akaendelea kuchambua. "Mama Daudi, mimi nilibatizwa nimevaa shuka la kuazima. Ungekuwa wewe mlangoni siku ile, mpaka leo ningekuwa nje."

Alhamisi, siku ya nne, nilitembea mpaka Singe. Nilimkuta Mama Neema akisafisha shamba.

"Sikuleta kitenge," nilisema. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Afadhali hukuleta, ningekurudishia. Nimekusamehe. Lakini tulipokuwa tunarudi, Neema aliniuliza, 'Mama, kwani Mungu naye ametukataa?' Nilimjibu, sijui kama aliniamini. Nenda kalibandue lile tangazo."

Nililibandua siku hiyohiyo, kabla jua halijazama. Jumapili nilivaa sare ya zamani, peke yangu katikati ya zambarau, nao wakanitania: "Katibu, umefulia, huna hela?" Mama Neema alirudi kanisani na kushiriki Chakula cha Bwana, ila kwaya hakuirudia kamwe, aliimba akiwa kwenye benchi la nyuma. Na Neema, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wanne, kanisani hakanyagi. Msamaha niliupata, mwanangu, lakini swali la mtoto yule sikuweza kulifuta.

Siku hizi mambo yamezidi. Kila tukio lina sare yake, na picha zimekwisha kusambazwa kwenye simu kabla mchungaji hajatoa baraka. Mwezi uliopita mama mmoja aliniambia ameahirisha ubatizo wa mwanawe kwa kuwa hajapata ukumbi na keki. Nguo nzuri siichukii. Mimi ni mjane kwa miaka tisa na miezi miwili sasa, na sitoki nyumbani kabla kitenge changu hakijanyooshwa. Vaa upendeze, umshukuru Mungu. Ila kabla hamjakubaliana kununua chochote kwa jina lake, tafuteni kwa faragha ni nani atakayeshindwa kukilipia. Akiwepo hata mmoja, acheni. Na siku ukikosa wewe, nenda mbele zake na ulichonacho, wala usiombe radhi kwa mtu.

Mungu akupe riziki ya kukutosha na macho ya kumwona aliyepungukiwa. Azilinde siku zako, na watoto wakutazamapo wasipate sababu ya kuushuku upendo wake. Amina.