Jumapili Niliyompeleka Baba Ibadani

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka mpaka viatu nilivyovaa. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vinanibana kidole kidogo, na nilitembea navyo mitaa ya Mikumi nikimwongoza baba yangu mzazi kwenda kanisani. Nilikuwa na miaka ishirini. Kila hatua niliyopiga nilitamani njia iongezeke.

Mwanangu, wewe kijana unayesoma haya, ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nimezeeka na nikianzia katikati nitakupoteza.

Nilizaliwa milimani Ukaguru, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Baba yangu alikuwa katekista. Mtoto wa katekista kwetu alihesabiwa pamoja na mabenchi ya kanisa, hakuna aliyewaza kwamba siku moja angeweza kusimama akaenda zake. Nilijua sala zote za ibada kwa moyo kabla sijajua kuwasha moto wa kuni mbichi. Darasa la kipaimara niliyajibu maswali ya katekisimu mbio mbio, hadi mchungaji akaniambia nipumue kwanza. Watu walimpongeza baba, naye aliona haya na kufurahi kwa pamoja.

Kisha mdogo wangu Danieli akafa. Alikuwa na miaka sita, homa ikamchukua kwa siku nne. Siku zote hizo watu wa kanisa walikuja nyumbani kuomba, asubuhi na jioni, na mimi niliomba kuliko wote kwa sababu niliamini neno kwa neno yale niliyofundishwa. Tulipomaliza matanga nilimfuata baba shambani, akipalilia maharage, nikamuuliza: kama Mungu anasikia, mbona hakutusikia?

Baba hakuinua uso. "Perisi, usimkufuru Mungu," alisema. "Nenda kasome katekisimu yako."

Nikaenda nikaisoma, kutoka jalada hadi jalada. Swali langu halikuwamo. Sikuuliza tena, si kwa baba wala kwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo niliimba na kuitikia vizuri kuliko zamani ili mtu asinishtukie.

Nilipofika miaka kumi na minane nikapata kazi Mikumi, kufua na kutandika vitanda katika gesti ya Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenyeji wa Kilosa. Enzi hizo, na hata leo kwa wanaojali, Mkristo akihama alipewa barua na mchungaji wake. Anaifikisha katika kanisa la ugenini, inasomwa mbele ya watu, anasimama, wanamwona, wanampigia makofi, na kuanzia hapo akiugua kuna wa kumtembelea. Mimi nilipewa yangu, baba akaikunja mwenyewe na kuitia ndani ya Biblia yangu. Siku niliposhuka stendi, utingo wa basi alininyooshea kidole chumba kirefu cha kupanga akasema Waanglikana wanasali pale. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili ya kwanza madereva wa malori walikuwa wamejaa na mashuka yalikuwa mlima. Ya pili nililala. Ya tatu nikaona aibu, kwamba wataisoma tarehe ya ile barua na kuniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizo. Ya nne aibu ilikuwa imekua zaidi. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Wazee hupenda kusema kijana amevutwa na ulimwengu, lakini mimi ulimwengu haukuwahi kunivuta popote. Nilichelewa kidogo, nikaona haya, nikachelewa zaidi, na chini ya hayo yote lilikuwapo lile swali la shambani ambalo lilinifanya nisihangaike sana kurudi.

Bi Zuhura alinipa asubuhi zote za Jumapili. "Nenda ukasali, mtoto wa katekista," alikuwa akisema. "Mashuka yatakungoja." Nami nikavaa, nikachukua Biblia, nikaenda kukaa stendi kuangalia mabasi ya Iringa na Mbeya mpaka nione watu wanarudi na nguo zao za ibada. Nikifika ananiuliza mmehubiriwa nini leo, basi namtungia. Mwezi mmoja nilimtungia mahubiri ya Nuhu mara tatu. Mara ya tatu alinitazama kwa muda, lakini alikuwa mstaarabu, akanipa chai.

Baba nilimwandikia barua. Katika barua hizo nilikuwa mwanakwaya. Nilianza kwa kusema nimealikwa, baadaye nikasema nimejiunga, na mwisho nikawa naimba sauti ya pili na kufundisha wadogo. Uongo wa namna hii ukishaanza unahitaji kulishwa kila mwezi. Kumbe kule milimani baba alikuwa akisimama kanisani na kuzisoma barua zangu mbele ya watu, nao walikuwa wakinitaja katika maombi kwa jina.

Jumamosi moja nikamwona anashuka kwenye basi, amevaa koti lake jeusi, kiroba cha maharage begani, vumbi la njia ya Kilosa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nimekuja kukusikia ukiimba."

Nilianza kukohoa pale pale stendi. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, kwamba kesho nitakuwa sina sauti, nitakaa naye nyuma, na Jumatatu atapanda basi. Nilikohoa mpaka Bi Zuhura akanichemshia tangawizi, na sidhani kama yule mama alidanganyika hata kidogo.

Basi asubuhi tukaenda. Baba alikuwa na Kitabu chake cha Sala mkononi na alitembea wima, akiwasalimia watu tuliopishana nao kama vile wote ni washarika wangu. Nilimpeleka moja kwa moja mpaka kile chumba kirefu alichonionyesha utingo miaka miwili nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nikashangaa kuwa hakuna watu nje, nikajiambia labda tumewahi.

Akatoka mwanamume mwenye unga mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba. Tumekuja ibadani."

Yule bwana akaitazama Biblia yangu, kisha akanitazama mimi. "Hapa ni mashine ya kusaga, mzee wangu. Waanglikana wamejenga kanisa lao kule ng'ambo ya barabara. Wamehama ni zaidi ya mwaka sasa. Binti hakukuambia?"

Baba akamshukuru. Akamuuliza hali ya biashara, akamtakia Jumapili njema, kwa adabu zote, kama mtu aliyekuja kusaga. Hakuuliza njia ya kwenda ng'ambo. Mimi kikohozi kilikuwa kimepona ghafla.

Tulikaa kwa mama mmoja aliyeuza chai na maandazi. Baba akaweka Kitabu cha Sala mezani, akanywa chai nusu kikombe kabla hajasema neno. Nilingoja anikaripie. Nilikuwa tayari kabisa kwa hilo, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipofika Mikumi."

"Hapana, Perisi. Tangu lini hasa?"

Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Tangu Danieli," nilisema.

Ndipo akaniambia kitu ambacho sikuwahi kufikiri mtu mzima anaweza kumwambia mtoto wake. Alisema siku ile shambani alikuwa amekwenda peke yake kumuuliza Mungu neno lile lile nililomuuliza mimi. Alikuwa akiuliza tangu alfajiri, jembe mkononi, na hakujibiwa. "Wewe ukanikuta katikati," alisema. "Nikaogopa. Nikaona nikikuambia sijui, utaanguka, na mimi ndiye katekista. Ndiyo maana nikakukemea."

Mwanangu, ungedhani nilifarijika. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu miaka sita nilikuwa nimebeba kitu kile peke yangu nikijiona mwovu kuliko watoto wote wa kijiji, na kumbe chumba cha pili cha nyumba ile ile alikuwapo mtu mwingine aliyekibeba. Tungeweza kukibeba wawili. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo binti wa Kikaguru hasemi nayo na baba yake, na mama wa chai akajifanya anapuliza moto.

Baba hakunirudi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, akasema, "Nisamehe, mama yangu."

Hakuniambia nirudi kanisani. Niliingoja kauli hiyo siku nzima, haikuja. Jumatatu stendi, kabla ya kupanda, aliniomba jambo moja tu: nisimwandikie tena uongo. "Usipokwenda, niandikie kwamba hukwenda," alisema. "Nitaisoma hiyo hiyo." Baadaye nilisikia kwamba Jumapili iliyofuata alisimama kule milimani akawaambia watu kuwa binti yake haimbi kwaya, kwamba kosa halikuwa la binti peke yake, na kwamba waendelee kumtaja.

Nilikaa miezi saba bila kukanyaga kanisani, na nilimwandikia hivyo kila mwezi. Naye akajibu. Aliniandikia habari za maharage, na siku alizoshindwa kuomba, na siku alizoweza. Mwezi wa nane nikavuka barabara. Mchungaji wa pale aliifungua ile barua iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitazama tarehe, akanitazama na mimi. "Pole na safari," alisema, akaisoma mbele ya watu kama ilivyo.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa hapa Kilosa, ninakoishi sasa. Ilisomwa karatasi ya majina ya vijana wasioonekana tena, waliobatizwa na kupata kipaimara hapa hapa: huyu yuko chuo Morogoro, yule Dar, yule yuko Ruaha kwenye miwa. Wazee wakalaumu simu. Wakalaumu miziki, wakalaumu marafiki, mmoja akalaumu suruali. Nikawauliza, katika hawa wote, ni yupi aliyewahi kuja kwenu na swali mkalisikiliza hadi mwisho? Mwenyekiti akasema muda umekwenda, tufunge kwa sala. Labda jina lako lilikuwamo katika karatasi ile. Kama halikuwamo katika ya kwetu, litakuwamo katika ya kwenu.

Kwa hiyo nisikilize. Kama umeacha kwa sababu ya swali, usione kwamba swali lako ni dhambi. Lipeleke kwa mtu mzima mmoja, na akikukemea, mpelekee mwingine, wapo, njoo hata kwangu. Kama umeacha kwa sababu ya aibu tu, kwamba umekaa nje muda mrefu na utaulizwa ulikuwa wapi, vumilia hiyo dakika moja ya kuulizwa. Ni fupi kuliko unavyodhani. Na kama bado huwezi kwenda, usimtungie mtu mahubiri. Mwambie mama yako kweli, sikwenda. Atalia, lakini atakuwa anakulilia wewe mwenyewe na si yule mwanakwaya uliyemtunga.

Na wewe mzazi unayesoma juu ya bega la mwanao, mwambie jibu ulilolikosa wewe mwenyewe. Mwambie siku ulizoomba ukaona kimya. Usiogope kuwa ataanguka. Mimi nilianguka kwa sababu nilifikiri niko peke yangu.

Utaniuliza kama nilipata jibu. Baba alikufa hajui kwa nini Danieli alikufa, na mimi nitakufa sijui. Bado namuuliza Mungu, Jumapili nyingi, benchi la tatu upande wa wanawake. Nauliza nikiwa ndani.

Mungu akuweke, mwanangu, uliko leo na utakakokuwa kesho, uwe umekwenda ibadani au umekaa stendi kuangalia mabasi. Akupe mtu mmoja wa kumwambia kweli, na akupe wewe kuwa mtu huyo kwa mwingine. Siku utakayovuka barabara, ukute mlango uko wazi na watu wamesogea kukupisha ukae.