Kitu cha Baba na Mayai ya Ndege

Nilitoka Bukavu kwa sababu ya kitu kimoja cha marehemu baba. Alikuwa mtu wa Bwami, chama cha sisi Warega ambacho mtu huingia ngazi kwa ngazi mpaka uzeeni. Wabelgiji walipokikataza, kitu chake kilichukuliwa nyumbani kwetu Mwenga nikiwa bado mgongoni. Siku hizi za Zaïre redio inatuhimiza kila asubuhi turudi kwenye asili yetu, na mwenzangu mmoja ofisini akanieleza kwamba misioni moja kupita Kavumu ina nyumba ya vitu vya kale, na kabati moja ni la Warega. Nikakata shauri kwenda kuangalia kama cha baba kimo, na kama kimo, nikiombe. Mama, ambaye anakaa nami mtaani Kadutu, hapo hapo Bukavu, alisema siendi peke yangu.

Jumamosi asubuhi tulipanda kamyoneti, gari dogo la mizigo lisilo na paa nyuma. Nilivaa abakosti mpya, suti yetu isiyo na tai, maana anayekwenda kudai mali ya baba lazima apendeze. Mama alifunga kichwani kitambaa chake cha bluu, kile cha misa.

Tulipofika Mudaka wakapanda wanawake wenye mihogo na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Nilimuuliza mama kitu chenyewe kikoje, ili nikitambue.

"Si weye utakitambua," akajibu.

Basi nikaangalia migomba.

Kavumu tulishuka, tukala mahindi ya kuchoma kando ya barabara, kisha tukashika njia ya miguu kati ya mashamba ya kahawa. Mama alitangulia. Sikujua kwamba ana haraka namna ile.

Nyumba ya vitu vya kale ni chumba kirefu cha sakafu nyekundu, kinachonuka nta. Alitupokea Frère mmoja kijana, bruda wa misioni, Mushi kwa kabila, mpole sana.

"Karibu, maman. Karibu, citoyen," akasema, maana siku hizi kila mwanamume huitwa hivyo, mwananchi.

Akatuonyesha vyungu, mikuki na ngozi ya chui, na nilivipita vyote bila moyo kushtuka. Kabati la Warega lilikuwa mwisho kabisa wa chumba. Kabla hatujalifikia, mama akanishika mkono.

"Geuka."

"Maman, si tulikuya juu ya kuiona?"

"Weye haukuingia Bwami. Mutu hajaingia, hawezi kuiona. Mimi niliingia na baba yako. Geuka, mutoto yangu."

Kwetu mke huingia pamoja na mumewe. Nililijua hilo, lakini njia nzima halikunijia akilini. Nikageuka, mtu mzima na abakosti yangu, na aibu ikanishika.

"Na mimi, maman?" Frère akauliza.

"Weye unaiona kila siku. Nitafanya nini sasa?"

Mbele yangu kulikuwa na kabati la mayai ya ndege, meupe na ya madoadoa, yamelala kwenye pamba. Nyuma yangu mama akaanza kuimba kwa sauti ndogo, Kirega cha zamani nisichokielewa. Kioo cha mayai kiling'aa, na pembeni mwake nilimwona mama akiinama. Ningesogeza kichwa kidogo tu, ningeona kila kitu. Nikafumba macho.

"Iko yake," mama akasema.

Frère, kwa wema wake, alisema anaweza kuwaomba wakubwa wake turudishiwe.

"Arudishiwe nani?" mama akauliza. "Mwenyewe alikufa. Mutoto wake iko na masomo tu. Nikiibeba nyumbani, itakaa mu kabati ingine."

Iliniuma.

Nikasikia akifungua kitambaa kichwani.

"Ifunike na hii, Frère."

Frère alisita, akasema kuna wageni wanaokuja kuangalia. "Ifunike," mama akarudia. Nikasikia ufunguo ukizunguka na kioo kikisogezwa.

Jioni tulirudi na kamyoneti nyingine, mvua ikitunyeshea. Mama alikaa kichwa wazi, mvi zake zote nje, na hakujali. Mimi nilidhani kilicho cha baba ni changu kwa sababu tu ni mwanawe. Nilijifunza kwamba kuna urithi ambao mtu huuingia kwanza ndipo aupokee, na mimi nilikuwa bado nje.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Uliona nini kule, papa?"

"Mayai ya ndege."

"Aliona muzuri," mama akasema kutoka jikoni, kisha akamwomba mke wangu amwazime kitambaa cha misa ya kesho.